Hesabu majiko, usihesabu milango

Kwa mtu aliyekulia Tanga mjini kama mimi, Usagara ni kata, halafu ni shule ya sekondari ambayo nusu ya wajomba zangu wanadai walisoma hapo. Ni jina la kila siku. Konda akilitaja hakuna anayegeuza shingo.

Darasani tulifundishwa kwamba mwaka 1884 Chifu Mangungo wa Msovero, huko Usagara, alitia alama yake kwenye karatasi ya Mjerumani Carl Peters bila kujua karatasi ile inasema nini. Tulikariri kwa ajili ya mtihani. Rafiki yangu mmoja alimaliza shule akiamini Msovero iko nyuma ya uwanja wa mpira wa Usagara, na sikumsahihisha kwa sababu hata mimi sikuwa na uhakika.

Usagara ile ya kwenye kitabu, nchi ya Wasagara, iko mbali na bahari. Ni Kilosa, mkoani Morogoro. Nilikwenda huko Septemba iliyopita, na sikwenda kwa ajili ya Mangungo. Nilikwenda kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuandika karatasi isiyosema ukweli, na mtoto wa jirani akalazwa.

Orodha yangu

Masika ya mwaka jana mvua ilinyesha Tanga siku tatu karibu mfululizo. Mtaa wetu uko bondeni kidogo, mfereji wake umejaa mchanga na chupa za plastiki, na usiku wa siku ya tatu maji yaliingia ndani. Hayakuwa maji ya kubeba nyumba. Yalifika magotini, yakakaa hadi mchana, yakaondoka yakiacha tope, harufu na vyoo vilivyofurika. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna gazeti lililoandika.

Tulijipanga wenyewe. Kundi la WhatsApp lilifunguliwa kabla ya adhuhuri. Watu wakachanga kwa simu, fundi seremala akatoa mbao za kupitia, kina mama wa kikoba wakapika wali na maharage siku mbili. Mwenyekiti wa mtaa akanitazama akasema, "Mwanahabari, wewe mwenye mwandiko mzuri, andika orodha."

Nikaandika. Nilipita na daftari nikibisha kila mlango: "Hodi. Nyumba hii ya nani?" Nikipewa jina naandika, nasonga mbele. Kwa saa mbili nilikuwa na majina 34, yamenyooka, yana namba. Nililipenda daftari lile. Nikapiga picha kurasa zake nikazituma kwenye kundi.

Kila jina lilipata ndoo yenye mfuniko, sabuni mbili na vidonge vya kutibu maji.

Nyumba nyingi za mtaani kwetu ni za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Katika nyumba moja mzee mwenye nyumba alipokea ndoo yake, akashukuru, akaingia nayo ndani. Uani kwake kulikuwa na wapangaji wa vyumba vinne. Mmoja ni binti wa miaka kama 20, mumewe ni mvuvi anayekaa baharini siku nyingi, na mtoto wao wakati ule alikuwa na miezi mitano. Binti aliendelea kuchota maji kwenye kisima cha mle uani, hatua chache kutoka choo kilichofurika, na mtoto alikuwa ameshaanza kupewa maji na uji mwepesi.

Siku ya sita mtoto akaanza kuharisha. Siku ya nane macho yalikuwa yameingia ndani na alilia bila machozi. Alilazwa siku tatu kwenye dripu. Leo anatembea na anaiba biskuti za wenzake, alhamdulillahi. Lakini nilipokwenda kumjulia hali wodini, mama yake aliniambia kwa upole, "Dada, mimi nilikuona ulipopita. Nikasema, atarudi."

Sikurudi. Kwenye daftari langu hakuwemo.

Nimeandika habari za kipindupindu. Naweza kukueleza uchafu wa choo unavyofika kinywani mwa mtoto hata ukiniamsha usiku wa manane. Na bado nilisimama mlangoni nikauliza nyumba ni ya nani.

Ofisa mmoja wa ustawi wa jamii niliyemsimulia kisa hiki hakunilaumu. Alisema tu, "Nenda Kilosa. Wale wamehesabiwa mara nyingi, watakufundisha."

Mto mmoja, madaraja mawili

Basi liliondoka stendi ya Kange saa 12 asubuhi. Muheza wauza machungwa wakakimbilia madirisha, Segera tukakunja kwenda kusini, na baada ya saa kadhaa za mkonge na vichaka tukafika daraja jipya la Wami. Abiria wengi walikuwa wamelala. Mimi nilitazama chini, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimefuatilia ramani kwa kidole na kugundua jambo.

Maji yale ya Wami, yanayokwenda kuingia baharini upande wa Saadani, sehemu yake yanatoka Kilosa. Yanaanzia mbali zaidi, kwenye nchi kavu ya Dodoma, kwa jina la Kinyasungwe. Yakipita kwenye milima ya Kilosa yanaitwa Mkondoa. Yakishuka kwenye uwanda wa Mkata yanakutana na mito mingine, ndipo yanakuwa Wami. Kwa hiyo mtu wa Tanga anayekwenda Kilosa huvuka mto wa Kilosa kabla hajafika hata Chalinze. Na ukishapita Morogoro, pale Dakawa, unauvuka tena.

Ndiyo maana mafuriko ya Kilosa yana tabia ya kumshtukiza mtu. Mvua inaweza kunyesha Mpwapwa, mji wa Kilosa ukiwa mkavu na watu wameanika mahindi, na maji yakaja. Mama anayetazama mbingu ya kwake peke yake hawezi kujua.

Pale Msamvu, Morogoro, nikapanda Coaster ya Kilosa. Dereva alikuwa na haraka ya ajabu mpaka Dumila, halafu akasimama dakika 40 kusubiri abiria wawili. Dumila yenyewe ina historia yake: Januari 2014 mto Mkundi ulivunja daraja na kuikata barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma, na watu wa Magole na Dumila wakabaki bila makazi. Abiria aliyekaa pembeni yangu alinionyesha kwa kidevu mahali maji yalipopita, kana kwamba ni jambo la juzi.

Kutoka hapo barabara inakunja kushoto. Baada ya muda kibao kikasema Msowero. Ndipo hapo hasa, Msovero ya Mangungo: maduka, bodaboda chini ya mwembe, mama anauza mihogo ya kukaanga. Nikakipiga picha kibao nikamtumia rafiki yangu wa uwanja wa mpira. Akajibu kwa vikaragosi vinne vya kucheka. Tukapita Rudewa, tukapita Ilonga kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, na jua likiwa limeinama tukaingia Kilosa.

Mji wa tuta

Kilosa ni mji wa reli. Reli ya Kati waliyoijenga Wajerumani ilipita hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na sasa reli mpya ya SGR nayo imepita, na kituo chake. Kuna milima upande mmoja, miembe mikubwa, na mto.

Mkondoa ule wa Septemba ungeucheka. Ni mchanga mwingi na maji kidogo ya rangi ya chai ya maziwa. Watoto wanauvuka bila kukunja suruali. Kando yake kuna tuta, ukingo wa udongo uliojengwa tangu wakati wa ukoloni kuukinga mji. Niliupanda. Juu yake kuna njia ya miguu, mbuzi wanapita, na ukisimama hapo unaona kitu ambacho hakihitaji mtaalamu: kila mwaka mto unaleta mchanga, kitanda chake kinainuka, na tofauti kati ya kina cha mto na sakafu za nyumba inazidi kupungua. Miti ikikatwa milimani na mashamba yakilimwa hadi ukingoni, mchanga unaongezeka.

Siku za mwisho za Desemba 2009, Krismasi ikiwa ndiyo kwanza imepita, Mkondoa ulilivunja tuta. Mji na vijiji vya jirani vikaingia maji. Watu zaidi ya 20,000 walipoteza makazi. Reli ya Kati ilisombwa vipande kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Serikali, jeshi na Chama cha Msalaba Mwekundu walisimamisha kambi za mahema, na baadaye watu wakagawiwa viwanja sehemu za juu. Wapo walioishi kwenye mahema kwa miaka, turubai likioza juu ya vichwa vyao.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Nililolifuata mimi ni dogo zaidi: nani aliandika majina, na aliuliza swali gani.

Bibi mwenye madaftari

Nilielekezwa kwa bibi mmoja anayeishi kwenye viwanja vile, nje kidogo ya mji. Jina lake ameniomba nisiliandike. Wakati wa mafuriko alikuwa balozi wa nyumba kumi. Nilimkuta anachambua kunde.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umetoka Tanga hiyo hiyo ya waja leo waondoka leo?"

"Ndiyo bibi."

"Basi leo huondoki. Kaa."

Nilimweleza habari ya daftari langu, majina 34 na mtoto wa dripu. Alisikiliza bila kuacha kunde. Halafu akaniambia kwamba orodha yake ya kwanza nayo ilikuwa hivyo hivyo. Iliandikwa kwa tochi, watu wamelowa, na vijana wakauliza swali rahisi kuliko yote: mwenye nyumba nani? Wenye nyumba wakajitaja. Waliopanga chumba karibu na stesheni wakakaa kimya, kwa sababu hawakuulizwa. Mwanamume mwenye wake wawili aliandikwa mara moja, mke mmoja akapata blanketi na mwingine akapata maelezo. Na kulikuwa na jambo ambalo nisingelifikiria kamwe: ilikuwa likizo ya Krismasi. Nyumba zilikuwa zimejaa wajukuu. Watoto wa Dar es Salaam, wa Dodoma, wa Mikumi, wamekuja kumsalimia bibi. Hawakuwa kwenye rejista ya mtu yeyote, na walikuwa na njaa kama wengine.

Akaniambia alichofanya. Hakubishana na orodha. Alisubiri jioni, wakati wanawake wanawasha moto, akachukua daftari la mjukuu wake akapita kambini akihesabu majiko. Mafiga matatu, jiko moja. Kwenye kila jiko aliuliza: sufuria hii inalisha wangapi leo? Nani ananyonya? Nani hawezi kutembea?

"Mlango unaweza kuwa wa mtu mmoja," alisema. "Jiko halidanganyi. Hakuna mwanamke anayempikia mtu ambaye hayupo."

Nilitaka kumbusu mkono. Mitaani kwetu Tanga ni vilevile: nyumba moja ya Kiswahili, mlango mmoja wa mbele, lakini ingia uani jioni uone majiko ya mkaa mangapi yanafuka. Kila jiko ni familia, na bajeti yake, na mgonjwa wake.

Lakini kuhesabu ilikuwa nusu tu ya kazi yake. Nusu nyingine ilikuwa asubuhi. Kila alfajiri alipita tena kwenye majiko yale yale na swali moja: nani hakuamka vizuri? Akitajiwa mtoto anayeharisha, anamwambia mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Akitajiwa watatu kwenye mstari mmoja wa mahema, anakwenda kutazama choo chao. Chuoni tulifundishwa jambo hili kwa jina refu la ufuatiliaji wa magonjwa, na nikafanyia mtihani. Yeye alilifanya akiwa na kanga mbili na kalamu ya risasi.

Nikamuuliza kuhusu wanaotumia dawa za kila siku, wenye presha, sukari, kifua kikuu, na wanaotumia ARV. Hapo aliacha kunde. Akasema mambo hayo hakuwahi kuyaandika. Alimwambia kila mtu mzima pembeni: kama dawa zako zimekwenda na maji, nesi yupo pale, mwone peke yako leo, usisubiri kesho.

Nilikumbuka kurasa zangu zilizopigwa picha. Zilikuwa na majina, namba za simu, na kwa watu wawili nilikuwa nimeandika pembeni, kwa nia njema kabisa, "mgonjwa". Watu 200 kwenye kundi walisoma.

Neno "kaya"

Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, nilifikiria jinsi sisi wanahabari tunavyoandika mafuriko. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 na watu zaidi ya 200,000 wameathirika. Ni mwaka ambao Rufiji ilizama, miezi michache baada ya tope la Mlima Hanang kuifunika Katesh. Mimi pia niliandika takwimu hizo. Sikujiuliza neno "kaya" linaanzia wapi. Linaanzia kwa mtu kama mimi, amesimama mlangoni na daftari, amechoka, anataka kumaliza.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Mzazi mwenzangu, muulize mwenyekiti wako wa mtaa kamati yenu ina nani. Muulize leo, jua likiwaka. Ukiona watano wote ni wenye nyumba, umeshajua nani atasahaulika. Mabalozi nao wanasaidia sana, ingawa ni viongozi wa chama na najua si kila jirani anapenda kuhesabiwa na chama. Mahali pengine mama wa kikoba au mhudumu wa afya ngazi ya jamii atafanya vizuri zaidi. Cheo si muhimu kama kuingia uani.

Mashirika ya misaada yana viwango vyake vya kimataifa, vinaitwa Sphere: maji lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, choo kimoja kisizidi watu 20 hali ikitulia, nafasi ya kulala mita za mraba 3.5 kwa mtu. Viwango vizuri. Ila vyote vinaishia na neno hilo hilo, "kwa mtu". Ukikosea idadi ya watu, hesabu zote zinazofuata ni ushairi.

Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa wazazi, niseme yale ya nyumbani ambayo nilipaswa kumwambia yule binti siku ile ya kwanza.

Maji ya kisima kilichoingiliwa na mafuriko ni machafu hata yakionekana meupe. Yachemshe mpaka yatokote, au tumia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko ambacho mkono hauingii. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, uji wala maziwa ya kopo. Maziwa ya mama yanamtosha, na wakati wa mafuriko ndiyo chakula kilicho salama kuliko vyote ndani ya nyumba. Mama aliyeshtuka anaweza kuona maziwa yamepungua. Mpe chakula, mpe maji salama, mwache akae na mtoto, amnyonyeshe mara nyingi. Yatarudi.

Mtoto mkubwa kidogo akiharisha, anza ORS nyumbani, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Kituoni watampa na zinki ya siku 10 hadi 14. Ziishe zote hata kama ameacha kuharisha. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa au kunyonya, akilegea, au ukiona damu, usimalizie chungu jikoni, beba mtoto. Na wa miezi mitano kama yule, usisubiri dalili hizo. Nenda mapema.

Kadi ya kliniki ikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na dawa za kila siku na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu nayo inalowa. Chandarua usikisahau. Tope likikauka watu hudhani mambo yamekwisha, kumbe wiki zinazofuata madimbwi yanazalisha mbu.

Kuhusu michango, neno moja la ukali kidogo: acheni kutuma nguo mnazoona aibu kuzivaa. Bibi wa Kilosa alicheka alipokumbuka gauni la harusi lililofika kambini. Kilichokosekana kilikuwa ndoo, sabuni, chupi mpya, taulo za kike, na sufuria.

Kurudi uani

Asubuhi bibi alinisindikiza mpaka barabarani. Alinipa kunde kwenye mfuko wa Rambo, kilo kama mbili, kwa mwanangu ambaye hajawahi kumwona. Mfuko ule wenyewe siku hizi umepigwa marufuku, nikamwambia, akasema basi usimwonyeshe polisi.

Nilifika Tanga usiku. Jumamosi iliyofuata, vuli ikiwa bado haijaanza, nilinunua daftari jipya la kurasa 96 na kwenda na mama mmoja wa kikoba, saa 12 jioni, wakati wa moshi. Hatukubisha milango ya mbele kwa kuuliza jina. Tulipiga hodi, tukamsalimia mwenye nyumba kwa adabu yake, tukaomba kuingia uani.

Mtaa ule ule wa majina 34 una majiko 91.

Haikuwa rahisi hata hivyo. Mzee mmoja alikataa katakata; wapangaji wake ni wageni wake, alisema, na wageni hawahesabiwi. Tukamwacha, tutarudi na mwenyekiti. Mpangaji mmoja alidhani tunatafuta wasiolipa kodi akatupa jina la uongo, nami najua ni la uongo kwa sababu lilikuwa jina la mchezaji wa Coastal Union. Tumeandika idadi tu hapo, jiko la kona, watu watatu. Safari hii hakuna namba za simu kwenye daftari, hakuna ugonjwa, na hakuna picha kwenye kundi. Daftari liko moja kwa mwenyekiti na nakala moja kwa mama wa kikoba, na tumekubaliana kulipitia kila kabla ya masika na kila kabla ya vuli, maana wapangaji huhama.

Kwenye ua wa yule mzee mwenye ndoo, binti alikuwa amechuchumaa anapepea jiko. Mtoto alikuwa amemshika bega, amesimama, ananitazama kwa dharau kidogo. Nilimuuliza jina lake na la mtoto, nikayaandika mbele yake. Nikauliza, sufuria hii inalisha wangapi?

"Watatu, baba akirudi baharini."

Nikaandika watatu. Akasimama, akachungulia daftari, akaweka kidole chini ya mstari wake.

"Acha na nafasi hapo, dada. Mama mkwe anakuja Ijumaa kutoka Muheza, na ana presha," akasita. "Hiyo ya presha usiandike."